Juzuu Isiyokuja: Historia Fupi ya Wasomaji Wanaosubiri

UTANGULIZI

Sisi tunaosoma fasihi tumefundishwa kuichambua riwaya kwa kutazama mwanzo wake, kati yake na mwisho wake. Tukiulizwa katika mtihani tujadili muundo, wengi tunakimbilia mwisho: mwovu kaadhibiwa au hakuadhibiwa, mhusika mkuu kafa au kapona, na kutokana na hapo tunatangaza msimamo wa mwandishi. Sasa basi, tufanye nini na riwaya ambayo mwisho wake haujaandikwa, lakini watu mamilioni wamekwisha kuisoma, kuibishania, na baadhi yao kuzeeka nayo?

Makala hii inakusudia kufuatilia historia ya subira hiyo katika riwaya ndefu za fantasia za Uingereza na Marekani, yaani zile hadithi za ulimwengu wa kubuni zinazotolewa juzuu baada ya juzuu. Nitaanza na chimbuko lake katika hadithi za vipande za karne ya 19, kisha nitapitia mifano minne mikubwa: Tolkien, King, Jordan na Martin. Mwishoni nitajadili swali linalowagawa wasomaji mpaka leo, nalo ni nani anamdai nani. Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na vitabu vyao vya mazimwi, hayatuhusu. Naomba wavute subira kidogo. Uhusiano kati ya fanani, hadhira na soko la vitabu unatuhusu sana, na katika riwaya hizi unaonekana waziwazi kuliko mahali pengine.

CHIMBUKO: HADITHI ZA VIPANDE

Subira ya msomaji ilizaliwa pamoja na uchapishaji wa vipande. Charles Dickens alianza kutoa The Pickwick Papers mwaka 1836 kwa sehemu za kila mwezi, na tangu hapo msomaji wa Kiingereza alizoea kununua hadithi ambayo mwandishi mwenyewe alikuwa hajaimaliza. Hatari ya biashara hiyo ilijidhihirisha mwaka 1870. Dickens alifariki tarehe 9 Juni mwaka huo akiwa ameandika nusu tu ya The Mystery of Edwin Drood: sehemu sita kati ya kumi na mbili zilizopangwa. Hadithi yenyewe ni ya fumbo la kutoweka kwa mtu, na jibu lake lilikwenda kaburini na mwandishi. Watu wamekuwa wakilimalizia kwa namna zao tangu wakati huo.

Mfano wa pili ni Arthur Conan Doyle, ambaye mwezi Desemba 1893 alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes kwa makusudi, kwa sababu alichoshwa naye. Wasomaji walikasirika, wengi wakaacha kununua The Strand Magazine lililokuwa likimchapa. Doyle alimrudisha Holmes mwaka 1901 katika kisa cha zamani, na mwaka 1903 akamfufua kabisa. Huo ulikuwa ushindi wa hadhira.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Holmes ni mfululizo wa visa vilivyokamilika kimoja kimoja. Ndivyo alivyo pia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye wahakiki wetu wamemlinganisha na Holmes mara nyingi. Kati ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968) ilipita miaka minane, lakini msomaji wa kitabu cha kwanza hakubaki akining'inia, maana muuaji alikwisha kujulikana. Alichokosa ni kuwa na Bwana Msa tu. Riwaya ya fantasia ya juzuu nyingi ni jambo jingine. Hiyo ni hadithi moja iliyokatwa mapande, na kila pande linauzwa kama kitabu kizima. Anayesubiri pande linalofuata anasubiri sentensi imalizike.

TOLKIEN: KARATASI, FAHARASA NA KIFO

Mkato huo kwa kiasi fulani ulisababishwa na bei ya karatasi. J. R. R. Tolkien alitoa The Hobbit mwezi Septemba 1937, kikapendwa, na mchapishaji wake, Allen & Unwin, akaomba kingine. Tolkien akaanza kuandika Desemba mwaka huo huo. Kingine hicho, The Lord of the Rings, kilianza kutoka mwaka 1954, miaka 17 baadaye! Aliyekisoma cha kwanza akiwa na umri wa miaka minane alikuwa na miaka 25 cha pili kilipotoka.

Tolkien mwenyewe aliiona kazi yake kuwa ni riwaya moja. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili gharama za uchapaji zilikuwa kubwa, na mchapishaji akaona ni salama zaidi kuigawa mara tatu. Juzuu ya kwanza ilitoka Julai 1954, ya pili Novemba 1954. Ya tatu ikachelewa mpaka tarehe 20 Oktoba 1955, hasa kwa sababu mwandishi alikuwa akihangaika na viambatisho: kalenda, nasaba, lugha na alfabeti za ulimwengu wake. Juzuu ya pili inaishia Frodo, mbeba pete, akiwa hai lakini ametekwa na adui. Kwa miezi kumi na moja wasomaji wa Uingereza walimwacha pale pale.

Naomba tuzingatie sababu ya ucheleweshaji huo. Frodo alikuwa amekwisha kuokolewa ndani ya mswada zamani. Kilichochelewesha ni ulimwengu wenyewe, ile mandhari ambayo katika uchambuzi wetu tunaipa aya moja na kupita. Katika fantasia mandhari inadai kazi sawa na ya wahusika, na pengine zaidi. Hapa ndipo mbegu ya ucheleweshaji wote uliofuata ilipopandwa.

Tolkien alikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi, The Silmarillion, ambayo alikuwa ameianza kabla ya hizo zote. Wasomaji waliisubiri tangu 1955. Alifariki Septemba 1973 bila kuimaliza, na mwanawe Christopher akaihariri na kuitoa mwaka 1977. Kwa hiyo tayari katika kizazi cha kwanza tunakutana na sura zote mbili za subira: ile inayokwisha kwa mwandishi kukamilisha kazi, na ile inayokwisha kwa mtu mwingine kuikamilisha.

Baada ya hapo soko liliingia kwa nguvu. Mwaka 1965 kampuni ya Ace Books ya Marekani ilichapa The Lord of the Rings kwa jalada jepesi bila ruhusa ya mwandishi, na Ballantine ikafuata kwa toleo lenye idhini. Vitabu vikanunuliwa kama njugu, hasa na wanafunzi wa vyuo vikuu. Wachapishaji wakajifunza somo, na kile kilichokuwa dharura ya karatasi kikageuka kuwa kanuni ya utanzu. Tangu Terry Brooks alipofanikiwa na The Sword of Shannara mwaka 1977, fantasia ya kuuzika ikawa ni ile ya juzuu tatu na zaidi. Umbo la fasihi lilitokana na hesabu za mhasibu, na waandishi waliofuata walilirithi kana kwamba ni sheria ya sanaa.

KING: TRENI NA VITENDAWILI

Stephen King alianza mfululizo wake wa The Dark Tower mwaka 1970, akiwa bado kijana wa miaka 22. Juzuu ya kwanza, The Gunslinger, ilitoka 1982. Ya pili 1987. Ya tatu, The Waste Lands, 1991. Hiyo ya tatu inaishia wahusika wakiwa ndani ya treni yenye akili na wazimu, iliyoamua kujiua pamoja nao isipokuwa wakiitegea kitendawili kitakachoishinda. Vitendawili vinakaribia kuanza, na kitabu kinakwisha. Juzuu ya nne ilitoka mwaka 1997. Jamani, miaka sita ndani ya treni!

Sisi tuliokulia kwenye kitendawili tunaielewa adhabu hiyo. Kwetu, hadhira ikishindwa inatoa mji, na mtegaji analazimika kutoa jibu. Ndiyo sheria ya mchezo. Wasomaji wa King walikuwa wametoa miji yao yote na mtegaji amekaa kimya. King ameeleza kwamba alipata barua kutoka kwa bibi mmoja mgonjwa wa saratani na nyingine kutoka kwa mfungwa aliyehukumiwa kifo, kila mmoja akiomba aambiwe mwisho kabla hajafa. Hakuweza kuwaambia, kwa sababu hata yeye alikuwa haujui.

Juni 1999 King aligongwa na gari akitembea kando ya barabara huko Maine, akanusurika kufa. Baada ya ajali hiyo alirudi kwenye mfululizo wake na kutoa juzuu tatu za mwisho kati ya Novemba 2003 na Septemba 2004. Humo ndani alijiingiza mwenyewe kama mhusika, mwandishi ambaye wahusika wake wanamwendea kwa sababu uhai wao unategemea aendelee kuandika. Ni mara chache hadhira imeingia katika maudhui ya kazi kwa namna hiyo. Isitoshe, mwaka 1987 alikuwa amekwisha kuandika Misery, riwaya ya msomaji anayemfungia mwandishi ndani na kumlazimisha amfufue mhusika aliyemuua. Ukiitazama vizuri, ni Shahrazad aliyegeuzwa: anayesimulia ili asiuawe sasa ni mwanamume, na sultani ni msomaji wake.

JORDAN: MWANDISHI ANAPOTANGULIA

Robert Jordan, ambaye jina lake la kuzaliwa ni James Oliver Rigney, alianza The Wheel of Time mwaka 1990. Mwanzoni alikwenda mbio: kati ya 1990 na 1994 alitoa juzuu sita. Kisha mwendo ukapungua: 1996, 1998, 2000, 2003, 2005. Polepole hiyo iliingia hata ndani ya vitabu. Juzuu ya kumi, Crossroads of Twilight, ililalamikiwa sana, kwani sehemu yake kubwa inarudia kipindi kile kile cha mwisho wa juzuu iliyotangulia, safari hii kwa macho ya wahusika wengine. Msomaji alisubiri zaidi ya miaka miwili, na alipofungua kitabu akajikuta anasubiri tena.

Mwaka 2006 Jordan alitangaza kwamba anaumwa amyloidosis, maradhi adimu ya damu. Alichofanya baada ya hapo kinafaa kukumbukwa na kila anayesema waandishi hawawajali wasomaji. Aliandika maelezo na kuisimulia familia yake yatakayotokea, na onyesho la mwisho kabisa la mfululizo aliliacha tayari. Alifariki tarehe 16 Septemba 2007. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson, mwandishi kijana aliyekuwa msomaji wa mfululizo huo tangu utoto. Alimchagua baada ya kusoma maandishi yake ya kumwomboleza Jordan. Kitabu kimoja kilichobaki kikawa vitatu, vya 2009, 2010 na Januari 2013. Juzuu 14, miaka 23.

Kwa mhakiki hapa pana kazi. Mwandishi wa juzuu tatu za mwisho ni nani? Katika simulizi swali hilo lisingemsumbua mtu: babu akifa, mjukuu anaendelea, na ngano inabaki ya ukoo. Fasihi andishi ndiyo iliyotuzoesha jina moja jaladani. Sanderson alitoka kwenye hadhira akakaa kwenye kigoda cha fanani, tena kwa ridhaa ya wenye hadithi.

MARTIN: BUSTANI ILIYOZIDI UKUBWA

Sasa tuje kwa anayesubiriwa kuliko wote. George R. R. Martin alitoa A Game of Thrones mwaka 1996, akikusudia juzuu tatu. Ya pili ilitoka 1998, ya tatu 2000, na kufikia hapo mpango ulikuwa umekua mpaka juzuu sita, baadaye saba. Martin huwagawa waandishi mafungu mawili: wasanifu majengo, wanaochora ramani yote kabla ya kujenga, na wakulima wa bustani, wanaopanda mbegu na kungoja waone kitakachoota. Yeye anajiweka upande wa bustani.

Alikusudia kuruka miaka mitano ndani ya hadithi baada ya juzuu ya tatu ili watoto wakue. Akaandika, akaona haifai, akaanza upya. Mswada ukazidi urefu wa kufungwa kitabu kimoja. Badala ya kuukata katikati, akawagawa wahusika kwa maeneo yao: nusu wakaingia A Feast for Crows (2005), nusu wakangoja. Mwishoni mwa kitabu hicho aliweka taarifa akitumaini nusu ya pili itatoka mwaka uliofuata. A Dance with Dragons ilitoka Julai 2011. Kwa maneno mengine, msomaji aliyeagana na Daenerys na Tyrion mwaka 2000 aliwasoma tena baada ya miaka 11.

Mwaka 2011 huo huo tamthilia ya televisheni ilianza. Januari 2016 Martin alikiri hadharani kwamba juzuu ya sita, The Winds of Winter, haitawahi msimu wa sita wa tamthilia. Tamthilia ikapita kitabu, ikaenda mpaka mwisho wake Mei 2019. Mwaka 2024 ulimalizika bila juzuu hiyo. Ni kama mtu anapita barabarani na kutoa jibu la kitendawili wakati mtegaji bado anafikiri, na jibu lenyewe wengi wakalikataa.

Nakala niliyoisoma mimi ilinunuliwa kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, ikazunguka bwenini mpaka jalada likatoka. Waliomaliza juzuu zote tano waligawanyika papo hapo. Wako waliosema mwandishi huyu ni tapeli, kala hela za watu. Wengine wakasema msanii hadaiwi. Ubishi huo huo unaendelea duniani kote, kwa hiyo tuuingie.

NANI ANAMDAI NANI?

Mwaka 2009 mwandishi Neil Gaiman alimjibu msomaji aliyelalamika juu ya Martin. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba ukinunua kitabu umenunua kitabu hicho, basi. Mwandishi si mtumishi wako, na ana haki ya kuishi maisha yake.

Kwa upande wa kazi, nakubaliana naye. Mwandishi ni mfanyakazi, ana mwili unaougua na unaogongwa na magari. Tukimpangia muda wa kupumzika tutakuwa wanyapara. Tena wapo wanaohesabu umri wa mwandishi na kumhimiza amalize kabla hajafa. Hilo halina utu.

Hata hivyo, hoja ya kwamba tumenunua kitabu tu haikidhi. Umbo lenyewe linaipinga. Patrick Rothfuss alipotoa The Name of the Wind (2007) na The Wise Man's Fear (2011), alijenga kazi ambayo shujaa anasimulia maisha yake kwa siku tatu, kila siku kitabu kimoja. Siku ya kwanza imepita, ya pili imepita, na tangu 2011 tunangoja siku ya tatu ipambazuke. Ahadi hiyo haikuwekwa na wasomaji wenye tamaa. Imo ndani ya muundo.

Msimamo wangu basi ni huu. Anayeuza juzuu ya kwanza ameahidi kwamba kuna hadithi moja nzima, na ahadi hiyo imetolewa na wawili, mwandishi na mchapishaji. Ajabu ni kwamba lawama zote humwangukia mwandishi, na mchapishaji, ambaye ndiye aliyetia saini mkataba, akachapa na akauza kabla kazi haijaisha, hatajwi. Deni lililopo si la tarehe. Ni deni la ukweli, yaani kutotangaza tarehe usiyoijua na kueleza kazi ilipofikia. Jordan, akiwa mahututi, alilipa deni hilo kwa kuacha maelezo.

Na sisi Waswahili tunaijua subira ya namna nyingine. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Utubora Mkulima pamoja na Siku ya Watenzi Wote vikatoka vitabuni mwaka 1968. Kule kalamu ndiyo iliyochelewa, hapa mwandishi alimaliza kazi yake na uchapishaji ndio uliochelewa. Tukimlaumu mwandishi peke yake kila hadithi inapokawia, tunaacha nusu ya historia ya fasihi nje ya uhakiki wetu.

WASOMAJI KAMA WAHAKIKI

Wanaosubiri hawakai bure. Wanasoma upya, wanahesabu dalili, wanapima kila ndoto na kila nembo ya ukoo. Swali la nani mama yake Jon Snow lilijadiliwa tangu juzuu ya kwanza. Watengenezaji wa tamthilia, David Benioff na D. B. Weiss, walipomwendea Martin kuomba kibali, aliwauliza swali hilo hilo, nao wakabahatisha jibu sahihi. Kumbe dalili zilikuwepo tayari, kwa aliyesoma kwa makini.

Huo ndio usomaji ambao walimu wetu wanatuhimiza kila semina, na hapa umefanywa na mafundi, wauguzi na wanafunzi wa sayansi ambao hawajawahi kukaa darasa la fasihi. Walilazimishwa na pengo. Kitabu kilichokwisha kinatushawishi tuingie kwa mlango wa mwisho na kutoka na maudhui mkononi. Kitabu kisichokwisha kinatunyima mlango huo, tunabaki na kilichoandikwa: neno, picha, mpangilio.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kazi isiyokamilika haihakikiwi. Riwaya za Franz Kafka zilikutwa hazijakamilika alipofariki mwaka 1924, na hakuna idara ya fasihi inayozikwepa. Tunaweza kusema mengi juu ya Martin bila kuujua mwisho wake: jinsi anavyowapa sauti waliotupwa, na jinsi anavyokataa kumlinda shujaa. Tunachopaswa kuacha ni tabia ya kutoa hukumu ya msimamo wa mwandishi kutokana na nani kafa na nani kapona.

HITIMISHO

Katika makala hii nimejaribu kuonyesha kwamba subira ya wasomaji wa fantasia ina historia, na kwamba chanzo chake ni mambo yanayoshikika: uchapishaji wa vipande, bei ya karatasi ya miaka ya 1950, biashara ya jalada jepesi, ukubwa wa ulimwengu wa kubuni, na miili ya waandishi. Nimedai pia kwamba subira hiyo imezalisha hadhira inayohakiki, na mara moja, kwa Sanderson, imezalisha fanani.

Yule bibi aliyemwandikia King alikuwa hana miaka ya kungoja. Kwake mwisho wa hadithi ulikuwa na uzito ambao sisi, tunaotafuta alama za mtihani, hatujaupima bado. Wenzangu wanaosema fantasia ni mchezo wa watoto, na walimu wanaoona haifai kuingia katika mitaala yetu, nawaomba waanze kunijibu kuhusu barua hiyo. Uwanja uko wazi.